Kukoroma si kichekesho: mgeuze mwenzako alale ubavu, halafu mpeleke hospitali

Ukimya wangu msiuone kiburi, ni asaimenti zimebana, na UE ndiyo hiyo imeshapiga hodi. Najua niliahidi kuandika kuhusu bumu kuchelewa, lakini hilo linaweza kusubiri kidogo, maana bumu lenyewe limetuzoesha kusubiri. Leo nina jambo la usingizi. Ndiyo, usingizi, na hasa kukoroma. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kisha tuendelee.

Msimamo wangu nauweka mapema, kama tunavyofundishwa kuandika lengo kwenye andalio la somo kabla hujagusa chaki. Nina hoja tatu. Kwanza, mtu anayekoroma halafu anakata pumzi usiku ni mgonjwa, si mchekeshaji. Pili, kwa baadhi ya wagonjwa hao, kuacha kulala chali na kulala ubavu ni tiba ya kweli, tena isiyo na gharama. Tatu, sisi tunaolala naye chumba kimoja ndio tulioshika ushahidi ambao yeye mwenyewe hana, na daktari hana. Sasa tukiutumia ushahidi huo kumcheka, tuna elimu gani?

Hili halikuja hewani. Chumbani kwetu tuko wanne kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa mlangoni, na sita au saba kwa mujibu wa ukweli. Mnaojua kubebana mnanielewa. Mmoja wetu watu wamempa jina la Jenereta. Ni jamaa mstaarabu, mpole, hisabati anazipiga vizuri kuliko sisi wote. Lakini ikifika saa sita usiku, mashine inawashwa. Na kelele si tatizo, kelele mtu unazoea, kama unavyozoea muziki wa baa ya jirani. Tatizo ni pale kelele inapokatika ghafla. Kimya. Sekunde kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kifua kinahangaika, hewa haiingii. Halafu anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, anakoroma mara mbili tatu, na mchezo unaanza upya.

Asubuhi anaamka kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na kwenye kipindi cha saa mbili anasinzia akiwa safu ya mbele kabisa. Kuna watu walimrekodi kwa simu wakaitupia ile sauti kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Vicheko siku mbili nzima. Yeye naye alicheka, kwa sababu mwanaume akichekwa chuoni anatakiwa acheke. Ila wiki hiyohiyo akaanza kuulizia chumba cha kupanga mtaani, kwa pesa ambayo wote tunajua hana. Mtu yuko tayari kushinda njaa ili mradi asilale mbele za watu. Hapo jamani utani umeshakwisha.

Sasa tuelezane vizuri, maana nimesoma kwa muda na naomba nilipe elimu hiyo kwenu. Ukilala, misuli ya mwili inalegea, ikiwemo ya ulimi na ya koo. Koo si bomba la chuma, ni njia laini inayoshikiliwa wazi na misuli. Njia ikibana kidogo, hewa ikipita inatikisa nyama laini za huko nyuma, na hiyo mtikisiko ndiyo sauti ya kukoroma. Njia ikiziba kabisa, au ikabana mno, hewa inakata. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapiga kengele, mtu anazinduka kidogo tu, misuli inakaza, njia inafunguka, anarudi usingizini. Kesho yake hakumbuki chochote. Ugonjwa huu unaitwa apnia ya usingizi, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kukosa pumzi. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya kuziba koo. Ipo na nyingine ambayo koo liko wazi lakini ubongo hautoi amri ya kupumua, hiyo ni kesi tofauti.

Wataalamu wanahesabu ni mara ngapi kwa saa moja pumzi inakatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 si tatizo. Kuanzia 5 hadi 15 ni apnia ndogo, 15 hadi 30 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Fanya hesabu mwenyewe. Mtu mwenye 30 kwa saa akilala saa 7, ameshtuliwa mara 210 kwa usiku mmoja. Wewe ukishtuliwa mara tatu tu na mlinzi anayegonga milango, kesho yake hutaki kusalimiwa. Huyu mara 210, halafu tunamwambia mvivu!

Na si ugonjwa wa watu wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la tiba la Lancet Respiratory Medicine yalisema watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana apnia hii ya kuziba koo kwa kiwango fulani. Wengi wao hawajui. Unajuaje kitu kinachokutokea ukiwa umelala?

Sasa twende kwenye ubavu, ndipo penye hoja yangu. Muhula huu Jenereta alimbeba ndugu yake kutoka kwao, aliyekuwa anafuatilia mambo ya usajili. Kitanda chetu cha deka mnakijua, futi mbili na nusu, na ukitikisika kinalia kama kinaomba msaada. Wawili wakilala hapo hakuna kulala chali, hata mkilala mzungu wa nne. Ni ubavu kwa ubavu kama dagaa. Basi usiku zile tatu ambazo ndugu alikuwepo, chumba kikawa kimya cha heri. Kukoroma kulikuwepo kidogo, lakini vile vimya vya kutisha vilipungua sana. Ndugu alipoondoka na Jenereta akarudi kujitanua chali, jenereta likawaka upya. Chumba kizima tuliona.

Sababu haina uchawi wowote. Ukilala chali, ulimi na kile kinyama laini cha nyuma ya kinywa vinavutwa na mvutano wa dunia kuelekea nyuma, kwenye njia ya hewa. Ukilala ubavu, vinaangukia pembeni, na njia inabaki na nafasi. Newton wa kidato cha pili kabisa huyu! Bibi yangu kijijini hakusoma fiziolojia, lakini babu akianza kukoroma alikuwa anamsukuma bega: "Hebu geuka huko!" Babu anageuka, nyumba inatulia. Bibi alikuwa anatoa tiba bila leseni.

Wasomi walikuja kuipima baadaye. Mwaka 1984 Rosalind Cartwright, mwanasaikolojia wa usingizi aliyefanya kazi Chicago, alichapisha utafiti uliolinganisha pumzi za wagonjwa wakiwa chali na wakiwa ubavu. Kutoka hapo kikatoka kipimo kinachotumika hadi leo: apnia ya mtu inahesabiwa kuwa ya mlalo kama idadi ya kukata pumzi akiwa chali ni angalau mara mbili ya ile ya akiwa ubavu. Tafiti za baadaye zimekuwa zikikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa apnia ya kuziba koo wanaangukia kundi hilo. Zaidi ya nusu, wadau! Yaani wengi wao, namna tu ya kulala inaongeza au kupunguza ugonjwa.

Swali linakuja: utamzuiaje mtu kulala chali wakati hajitambui? Hapo ndipo akina mama wa zamani na maprofesa wanakutana. Mbinu iliyoandikwa sana ni ya mpira wa tenisi. Unashona mfuko mgongoni mwa fulana, katikati ya mabega, unatia mpira. Mtu akijigeuza chali, mpira unamsumbua, anarudi ubavu bila hata kuamka vizuri. Sisi hapa mpira wa tenisi tutautoa wapi? Soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kufungwa fundo gumu, ikashonwa kwenye fulana, inafanya kazi ileile. Wengine wanalala na begi la mgongoni lenye nguo ndani. Wengine wanaweka mto mrefu nyuma ya mgongo. Nchi zilizoendelea siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyovaliwa shingoni au kifuani, ukigeuka chali vinatetemeka kama simu iliyowekwa kimya mpaka ugeuke. Wazo ni lilelile la bibi, ila lina betri.

Sasa ninyi mnaopenda kurukia treni ya matumaini, ngojeni kwanza. Nisingekuwa mwalimu mtarajiwa mwaminifu kama ningewauzia upande mmoja. Kuna mambo manne ya kuzingatia.

Moja, si kila mtu tiba hii inamfaa. Kuna wanaokata pumzi hata wakiwa ubavu, hasa wenye apnia kali au uzito mkubwa sana. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kubahatisha. Kinachojua ni kipimo cha usiku mzima, unalala umeunganishwa waya au umevaa kifaa kinachorekodi pumzi, oksijeni na namna ulivyolala.

Mbili, watu wanaacha. Utafiti uliotoka Australia mwaka 2009 uliwafuatilia watu walioandikiwa mbinu ya mpira wa tenisi. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, wale waliokuwa bado wanaitumia hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Wengi waliona inakera. Hata mimi naelewa, kulala na soksi yenye fundo mgongoni si starehe. Tiba isiyofuatwa si tiba, hata kama ni ya bure.

Tatu, ipo tiba yenye nguvu zaidi. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walichapisha habari za mashine inayosukuma hewa puani kupitia kifuniko, ile hewa inaegemeza koo lisizibe. Ndiyo inaitwa CPAP, na mpaka leo ndiyo inayosimama mbele kwa wagonjwa wa kati na wa kali. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2019 yalikuta CPAP inapunguza kukata pumzi kuliko kubadili mlalo, ingawa kubadili mlalo nako kunasaidia kuliko kutofanya kitu, na huenda watu wakakuvumilia saa nyingi zaidi kwa usiku kuliko mashine. Mnaona? Tiba dhaifu inayovaliwa usiku kucha inaweza kushindana na tiba kali inayowekwa kabatini. Lakini kushindana si kuipiku.

Nne, na hii naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu wengi wetu tutakuwa wazazi, wengine tayari: HAYA SI YA WATOTO WACHANGA. Mtoto mchanga alazwe chali. Tangu Marekani ilipoanza kampeni ya kulaza vichanga chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Mtu asisome hapa akaenda kumlaza mtoto wa dada yake kifudifudi au ubavu kwa jina langu.

Basi baada ya hayo nirudi kwa wabishi wangu, maana najua mpo.

Kuna wanaosema anayekoroma amelala usingizi mnono. Hapana. Anayekata pumzi halali, anapigana. Mwili wake umekesha wakati macho yamefumba. Ndiyo maana anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Kuna wanaosema ni jinamizi, amekabwa, kuna mtu kijijini hajafurahi yeye kuja chuo. Sigombani na imani ya mtu. Ila nauliza tu: huyo mchawi mbona akimkuta amelala ubavu anashindwa kumkaba? Mchawi gani anazuiwa na soksi?

Kuna wanaosema huo ni ugonjwa wa wazee wanene. Ni kweli unene, umri na shingo nene vinaongeza hatari, na wanaume wanapata zaidi kuliko wanawake. Lakini Jenereta si mnene, na ana miaka 23. Umbo la taya, tonsili kubwa, pua iliyoziba, vyote vinaweza kuchangia. Pombe nayo inalegeza misuli ya koo zaidi, kwa hiyo wale wa Ijumaa jioni mjue mnachokipeleka kitandani. Dawa za usingizi hivyohivyo.

Na kuna wale wa "basi nimeshajua, nitalala ubavu, habari imeisha". Hawa ndio wananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wamesoma nusu ya makala. Kelele ikipungua chumba kinafurahi, lakini kelele si ugonjwa. Mtu anaweza akawa kimya na bado oksijeni yake inashuka. Apnia isiyotibiwa inaendana na presha ya kupanda, magonjwa ya moyo na kiharusi. Sisi tukiwa chumbani tulihesabu vile vimya kwa kutumia simu, lakini ile si hospitali, ni watu wanne wenye usingizi wakiangalia sekunde gizani. Inatosha kumpeleka mtu kwa daktari. Haitoshi kumwambia amepona.

Kuna mtu atauliza, sasa kukata pumzi kwa mwenzangu kunanihusu nini mimi? Kunakuhusu. Tarehe 1 Desemba 2013, asubuhi ya Jumapili, treni ya abiria iliyokuwa ikielekea mjini New York iliacha reli kwenye kona eneo la Bronx. Ilikuwa kwenye mwendo wa maili 82 kwa saa, kama kilomita 132, mahali panaporuhusu maili 30, yaani kilomita 48 hivi. Watu 4 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulikuta dereva alisinzia, na alikuwa na apnia ambayo haikuwa imewahi kugunduliwa. Sasa rudi nyumbani. Kuanzia Oktoba 2023 mabasi yetu ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Wengi wetu likizo tunapanda hayohayo. Dereva wa basi ana mke, ana kondakta, ana utingo wanaomsikia akikoroma gesti. Kama wote wanacheka tu, anayelipa ni wewe uliyekaa siti ya dirishani na begi lako la shangazi kaja.

Kuna maswali manane ambayo daktari Murray Johns wa Melbourne aliyachapisha mwaka 1991, yanatumika dunia nzima kupima usingizi wa mchana. Yanauliza una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa unasoma umekaa, unaangalia televisheni, umekaa mahali pa watu bila kufanya kitu, ni abiria kwenye gari kwa saa nzima, umejilaza mchana, umekaa unaongea na mtu, umekaa baada ya chakula cha mchana bila kunywa pombe, na uko kwenye gari lililosimama kwenye foleni dakika chache. Kila swali unajipa kuanzia 0 mpaka 3. Ukizidi 10, usingizi wako wa mchana si wa kawaida, nenda ukaonwe. Jenereta alipata 17. Na msinidanganye kwamba kila mwanafunzi akijipima baada ya ugali maharage wa kafeteria atazidi 10. Sisi wengine chumbani tulijipima, aliyefuata alipata 8, na huyo alikuwa amekesha na tesiti.

Sasa niongee na walimu wenzangu, kwa sababu nilipoenda BTP mwaka jana nililiona hili kwa jina lingine. Kila darasa lina mtoto anayelala. Wenyeji wa shule wanakuonyesha mapema: "Yule pale usihangaike naye, mzembe." Anamwagiwa maji, anasimamishwa, anachapwa. Sikatai, wapo waliokesha kwenye video, wapo waliotembea kilomita sita bila kunywa chai. Lakini yupo na mwenye apnia. Kwa watoto, sababu kubwa ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Mtoto huyo anakoroma, anapumulia mdomo, na mchana si lazima asinzie. Mara nyingi anakuwa mtundu, hatulii, hasikilizi, anasahau. Tabia zote ambazo sisi tunazitibu kwa fimbo! Tiba yake ya kwanza kwa kawaida hata si kubadili mlalo, ni kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, na wengi wanapona au kupata nafuu kubwa kwa upasuaji wa kuondoa nyama hizo. Swali moja tu kwa mzazi siku ya kikao, "Mwanao usiku anakoroma?", linaweza kumwokolea mtoto miaka mitano ya kuitwa bozi. Kwenye kozi zetu za saikolojia ya elimu tumefundishwa Piaget na Vygotsky mpaka tunawaota, ila usingizi wa mtoto umepita kama upepo. Mimi naona ni kasoro, na nitaisema.

Mtataka kujua Jenereta ameishia wapi. Tulimkalisha jioni moja tukamweleza tulichokihesabu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo nyie mnakaa mnahesabu mimi nikiwa sipumui?" Swali hilo hakuna aliyelijibu. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba si utani tena, na sisi pia tukaelewa. Alishonewa soksi kwenye fulana ya mpira, mshonaji ni jamaa wa sayansi kimu, kazi nzuri kuliko ya fundi. Vile vimya vimepungua, ingawa soksi anailalamikia kila asubuhi. Zahanati ya kwanza aliyoenda aliambiwa apunguze chipsi na akapewa panadol ya kichwa. Tukamwambia asiishie hapo. Safari ya pili alienda na sauti ile ile iliyorekodiwa na wale wachekaji, na karatasi ya hesabu zetu, na alama zake 17. Daktari akasikiliza sekunde arobaini tu, akaandika rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Miadi ni mwezi ujao. Presha yake nayo ilipimwa siku hiyo, ikakutwa iko juu. Kijana wa miaka 23! Soksi isingemwambia hilo.

Kwa hiyo nasema hivi. Kulala ubavu ni tiba, tena nzuri, kwa wale inaowafaa. Ianze usiku wa leo, haihitaji bima wala foleni. Lakini iwe mlango wa kuingilia hospitali, isiwe kisingizio cha kutokwenda. Na kabla ya soksi na mashine, kuna dawa ambayo ni yetu sisi wa chumba kimoja: kumwambia mwenzako kile ambacho yeye hawezi kujiona, kwa heshima, faragha, bila grupu la WhatsApp. Sauti mliyorekodi mpeni yeye akampelekee daktari. Nyie mkishampa, ifuteni.

Nina ombi pia kwa wahusika wa hosteli. Kwenye fomu ya kuomba chumba wanatuuliza dini ya mzazi na namba ya sanduku la posta. Wangeongeza mstari mmoja wa afya ya usingizi, na mtu mwenye shida kama hii apewe kitanda cha chini na nafasi ya kuweka mto wa mgongoni bila kuomba kama anaomba zaka. Na zahanati za vyuo zikimwona mwanafunzi anayesinzia darasani, ziulize kuhusu kukoroma kabla ya kuuliza kuhusu chipsi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye mawazo tofauti alete, hasa watu wa udaktari mnaopita hapa kimyakimya mkisoma bila kusalimia, kama kuna nilipopindisha nirekebisheni. Mimi naenda kusoma, UE haina huruma. Usiku mwema wadau, na leo lala ubavu!